Mradi unaisha, munganga mtafiti anabaki barabarani

Vijana wenzetu, tunataka tuongee juu ya watu ambao hatuwaonaki kwenye picha.

Tarehe 20 mwezi wa 11, 2018, Ebola ikiua watu Beni, utafiti wa PALM ulianza. Dawa nne zilijaribiwa kwa wagonjwa 681 kule Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Mwezi wa 2, 2019, vituo vya Katwa na Butembo vikashambuliwa. Kazi ikaendelea. Mwezi wa 8 jibu likatoka: dawa mbili zinaokoa watu wengi zaidi. Moja yazo, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Leo dunia inazitumia zote mbili.

Nani alimueleza mgonjwa utafiti kwa Kinande na kwa Kiswahili mpaka akakubali? Nani alijaza makaratasi usiku, amevaa ile plastiki yenye joto? Vijana wetu: munganga aliyetoka juzi univesite, muuguzi, mtu wa labo.

Na kisha? Ugonjwa ukiisha, kontra inaisha. Tunawajua wenye sasa wanachunga farmasi ndogo ya mtaa, na wenye wanangojea ugonjwa mwingine ili waitwe tena. Hii ni aibu. Karatasi za utafiti zinachungwa miaka na miaka. Aliyezijaza anachungwa mpaka mwisho wa mwezi.

Hatusemi wageni waende na franga zao. Hapana. Profesa Muyembe alikuwa na miaka 34 alipofika Yambuku mwaka 1976, lakini alikuwa tayari amesoma virusi mpaka doktora, Leuven. Mutafiti hazaliwi katika mafunzo ya juma moja. Anahitaji mkubwa wa kumuongoza miaka, saa za kuandika zenye kulipwa, mtu wa kumufundisha hesabu za takwimu, na jina lake kwenye makala, si kwenye shukrani za chini. Kuna mfuko wa Ulaya na Afrika, EDCTP, wenye kusaidia watafiti, lakini anayeomba lazima awe na taasisi ya kumupokea. Munganga wa Mangina asiye na kontra, ataomba kwa mlango gani?

Kwa hiyo tunadai: kila utafiti wa dawa katika inchi yetu uache nyuma nafasi za kazi na masomo, ziandikwe katika mkataba mbele mgonjwa wa kwanza apokelewe. Univesite zipange saa za utafiti kwa wanganga vijana. Na serikali itie mstari wake katika bajeti, hata mudogo, wenye kulipwa kweli.

Kikao cha bajeti kinafunguliwa tarehe 15 mwezi wa 9. Wewe uliyefanya kazi katika utafiti, chunga kontra yako ya zamani, tuletee kopi. Tutaziweka mbele ya wadeputé wetu, moja moja.