Kama Unapanga Kuja Salgaa, Soma Hii Kwanza

Kila wiki lazima nipate DM ya aina moja. "Niaje bro, nakuja Salgaa wikendi, nishuti nini?" Hebu angalia hilo swali vizuri. Hajauliza atalala wapi. Hajauliza huku watu wanakula nini. Ameuliza atashuti nini, na jibu analotaka nalijua: nimwonyeshe mahali wasichana wanasimama usiku, halafu nimpeleke Sachangwan asimame kando ya lami aongee na sauti ya chini kama mtu wa filamu ya kutisha.

Sikupeleki. Na nitasema kwa nini, hata kama nusu ya watu wa kontenti ninaowajua wataniblock.

Kwa wale hamjui, Salgaa ni senta ndogo kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, kama kilomita 30 hivi kutoka Nakuru mjini. Trela zinazotoka Mombasa zikielekea Uganda, Rwanda na Congo zinapita hapa. Mbele yake kuna mlima wa kupanda hadi Mau Summit, na zile zinazorudi zimetoka kuuteremka mlima huo huo breki zikinuka. Kwa hivyo dereva anasimama. Anakula, anaoga, anapiga tairi nyundo asikie kama iko sawa, analala. Mji mzima umejengwa juu ya kitu kimoja: mtu amechoka na bado ana safari. Ndio maana kuna fundi wa tairi, kuna mama wa chapo, kuna lojing, kuna duka la M-Pesa linalofungua usiku, kuna baa, kuna kanisa. Na ndio, kuna wanawake wanaouza ngono. Sijawahi kukataa, na hakuna mtu wa huku anakataa. Lakini mtu akija na kamera, hivyo vingine vyote vinapotea, anabaki na hiyo moja tu.

Niwape mfano. Kuna jamaa walikuja na gari moja, watu wanne, wakapita polepole saa tatu usiku simu ikiwa dirishani. Video ikapanda na kichwa cha mji usiolala, unajua zile. Sekunde ya tisa kuna mama amesimama chini ya taa na ndoo. Anauza chai na mayai ya kuchemsha. Rika ya mamangu. Huko kwa komenti watu walimpangia bei. Asubuhi nikapita kwake, akaniuliza, "Kijana wangu, hiyo kitu inaweza kutolewa?" Nikamwambia, "Mama, tutairipoti, lakini watu washaisevu." Akakaa chini. Wiki mbili hakutoka usiku, na usiku ndio biashara yake yote, kwa sababu dereva hanunui yai saa sita mchana jua likiwaka.

Sasa usiniambie kosa lilikuwa kumchanganya na "wale wengine". Hata hao wengine wana sura, wana mama nyumbani, wana mtoto anayejua kutumia simu. Ukienda klabu Westlands unaziba sura za watu kwa sababu unajua pale kuna mtoto wa wakili. Huku huzibi. Unajua hakuna atakayekushtaki. Hiyo ndiyo tofauti, na haina uhusiano wowote na ukweli ama "kuelimisha jamii".

Na sheria iko. Sikumaliza chuo, lakini hii inasomeka bila digrii. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inakupa haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema picha ya mtu ni data yake. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alipiga klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa yake. Shule moja nayo ikapigwa milioni 4.55 kwa kuposti picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Hizo faini si za kampuni kubwa za Marekani, ni za watu kama mimi na wewe wenye akaunti na haraka ya kuposti. Mama wa mayai akipata mtu wa kumwandikia barua, utarudi Salgaa bila droni.

Halafu kuna wale wa "lakini tunawapromoti". Mmenipromoti na nini? Mlilala Airbnb ya Nakuru, mkala kuku wa mol, mafuta mliweka Nairobi. Huku mlitumia saa moja na dakika kumi, na pesa mliyoacha ni ya maji ya chupa moja. Dereva wa trela ambaye mmemchora kama shetani analipa chumba, chakula, kuoga, na bado anamwachia taniboi hela ya chai. Kati yenu wawili, ni nani anaulisha huu mji?

Kuhusu ajali nitaongea polepole, kwa sababu watu wa hapa wamezika. Tarehe 31 Januari 2009, Sachangwan, lori la mafuta lilianguka, watu wakaja kuchota, moto ukawaka, zaidi ya watu 100 wakafa. Tarehe 31 Desemba 2017, alfajiri ya kuamkia mwaka mpya, basi na lori viligongana Migaa, watu 36. Tarehe 30 Juni 2023, mbele huko makutano ya Londiani, lori lilivamia watu wa stejini, 52. Wewe unakuja na muziki wa kutisha unasema barabara imelaaniwa, kuna majini, kuna damu inayoita damu.

Hakuna majini. Kuna mteremko mrefu, na kuna dereva anayeweka gia fri ili kuokoa mafuta. Lori lenye tani nyingi likishuka fri, injini haisaidii kulishika, breki zinabaki peke yake, zinapata moto mpaka hazishiki tena. Nyuma ya huyo dereva kuna tajiri anayempimia mafuta na muda. Hiyo ni video. Keti na dereva, mnunulie chai, muulize amelala masaa mangapi tangu atoke Mombasa. Muulize ikichelewa anakatwa ngapi. Hakuna anayefanya hiyo, kwa sababu jini halina wakili na tajiri anaye.

Nina beshte Nairobi ambaye ndoto yake ni Mexico. Sio Cancún ya kila mtu, anataka mji unaitwa Xalapa. Amejipanga huyo mtu! Anajua uko njiani kati ya bandari ya Veracruz na mji mkuu. Anajua karne ya 18 meli za Uhispania zikifika Veracruz, bidhaa zilipandishwa hadi Xalapa zikauzwe kwa maonyesho makubwa, kwa sababu chini pwani kulikuwa na joto na homa ya manjano. Anajua makumbusho yao yana vichwa saba vikubwa vya mawe vya Waolmeki, kati ya 17 vinavyojulikana duniani. Amejifunza kusema "samahani, naweza kupiga picha?" kwa Kihispania. Kwa Kihispania, buda! Na huyo huyo akienda kwao Kitale anapita Salgaa dirisha limefungwa, na siku moja alinitumia video amechukua akiwa ndani ya basi, ya msichana ambaye hakumuuliza kitu hata kwa Kiswahili.

Xalapa ilikuwa nini ila Salgaa ya misafara ya punda? Mji wa njiani kati ya bandari na bara, watu wamechoka, mizigo inasimama, biashara inaota hapo hapo. Tofauti ni kwamba huko unaenda kama mgeni na huku unakuja kama mtu wa kukagua uchafu wa jirani.

Kwa hivyo ukitaka kuja, panga vile ungepanga Xalapa. Nakuru ni jiji tangu tarehe 1 Desemba 2021, halijaisha kwa flamingo, na wengi wao walihamia Bogoria ziwa lilipojaa. Panda Menengai asubuhi kabla ya mawingu, uangalie shimo la volkeno lenye upana usioisha. Pita Hyrax Hill, mahali Mary Leakey alichimba mwaka 1937. Wanafunzi wa Nakuru wanapelekwa wakiwa darasa la tano halafu hawarudi tena. Hayo ni ya mchana. Jioni ingia matatu uje huku.

Na usikawie sana. Novemba 2025 Rais Ruto alizindua upanuzi wa barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit, na itakuwa ya kulipia. Mimi sipingi, nimeona ajali za kutosha. Lakini kila mwenye kibanda pembeni ya hii lami anajua hesabu: barabara ikipanuka, wa kwanza kusogezwa ni yeye. Na gari lililolipa ili liende kasi halisimami kwa ajili ya yai. Hakuna mtu aliyekuja kuwauliza hawa wamama wanaonaje, na simu zenu zote hizo zilikuwa zimeelekezwa upande mwingine.

Ukifika, kula kwanza. Keti kwenye benchi, si ndani ya gari. Utasikia Kiswahili cha Mombasa, Kikalenjin, Kikuyu, Kiganda na Kisomali kwenye meza moja, na hakuna anayeona ajabu. Ukitaka kurekodi, uliza, na ukiambiwa hapana usianze kuomba omba. Beba jaketi, baridi ya usiku huku inashuka kutoka Mau na haijali umetoka wapi. Lojing lipia na keshi kama wana shida ya mtandao. Na omba chumba cha nyuma, kwa sababu huku mbele trela zinaanza kunguruma saa kumi alfajiri.