Mgonjwa wa Saratani Aonwe na Daktari wa Meno Mapema

Msomaji, ukimwuliza mtu aliyepandikizwa uboho ni kitu gani kilichomtesa zaidi, usishangae akikujibu kuwa ni kinywa. Kabla ya kupewa seli mpya, mgonjwa hupewa dawa kali za kuua saratani. Dawa hizo hazibagui. Huua pia ngozi laini ya mdomo, na baada ya wiki moja hivi ulimi na mashavu huchubuka hata kumeza mate kukawa adhabu. Aliyepewa uboho wa mtu mwingine, hata wa ndugu yake wa tumbo moja, ana taabu ya ziada: miezi kadhaa baadaye seli hizo ngeni huweza kuushambulia mwili, mdomo ukakauka na kuota mistari myeupe.

Wakenya wengi husafiri hadi India kwa upandikizaji huo. Lakini vidonda hivi tunavyo hapa kwetu. Watoto wa Bungoma na Kitale hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, wakiwa na uvimbe wa taya ambao Daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Uganda. Mtoto huwekewa dawa, akarudi nyumbani, na vidonda vikamkuta kijijini. Mzazi akiona mtoto hali, hudhani dawa imeshindwa, au jirani humnong'oneza kuwa ni mkono wa mtu. Wengine huacha matibabu hapo hapo. Huo ndio msiba, kwani uvimbe huo ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa vizuri.

Kwa maoni yangu, tunakosea kumkumbuka daktari wa meno mambo yakiisha kuharibika. Jino bovu ni mlango wa vijidudu wakati chembe nyeupe za damu zimepungua. Litibiwe kabla ya dawa ya kwanza. Hospitali kuu za Bungoma na Kitale zina madaktari wa meno; barua moja tu kutoka Eldoret ingetosha kuwahusisha. (Na mtoto mwenye taya lililovimba na meno yanayolegea asikimbiziwe koleo. Taya lichunguzwe kwanza.)

Nyumbani, koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi na nusu kijiko cha bikaboneti, ile soda ya kuokea keki, katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Mgonjwa asukutue na kutema mara nne au zaidi kwa siku. Sisemi magadi ya kupikia mrenda, wala maji ya jivu! Hayo yatamchoma, kama zitakavyomchoma dawa za kusukutua zenye pombe. Mswaki uwe laini, uji upoe, maziwa yachemshwe, pilipili na ndimu viwekwe kando. Utando mweupe ulimini huenda ni ukungu, nao una dawa yake hospitalini.

Homa ikifika nyuzi 38, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke hospitali usiku huo huo, na useme pale mlangoni kwamba yumo katika dawa za saratani.