Choo Safi ni Haki ya Mgonjwa



Wapo kati yetu walioumia uti wa mgongo, au waliozaliwa na mgongo wazi, ambao kibofu chao hakiwezi kutoa mkojo chenyewe. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Marekani alionyesha kwamba mgonjwa aweza kujiingizia mpira wa mkojo mwenyewe, kwa mikono safi, mara kadhaa kwa siku, na hivyo kulinda figo zake.

Basi, mara nyingi kinachomzuia kuja Misani si ugonjwa, bali ni sisi: choo chetu hakina komeo, maji wala sabuni. Kumhurumia hakutoshi. Halmashauri za parokia zijenge choo hicho kabla ya mnara wa kengele.