Ndege Wetu, Wajuao ni Wageni

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa penye miti hapana wajenzi. Hapa kwetu Kinangop tunawaona wageni wakishuka garini, darubini shingoni, wakitembea polepole malishoni. Sisi tunawacheka. Kumbe wanamtafuta ndege anayepatikana Kenya peke yake!

Mgongo wake ni wa kahawia, kifua ni manjano, na ana michirizi meusi kama mkufu. Wataalamu humwita Macronyx sharpei. Hajengi kiota mtini; hutaga chini, kwenye vichaka vya nyasi. Tukilima malisho yote tupande viazi na kabeji, au tukiyajaza miti, hana pa kwenda. Ndiyo maana ameorodheshwa miongoni mwa ndege walio hatarini kuangamia.

Najua wengine watauliza, "Kwani tutakula ndege?" Mgala muue na haki yake umpe. Hata karo yangu hutoka kwa viazi. Lakini ng'ombe na kondoo hulishwa palepale aishipo ndege huyu, na maziwa pia ni pesa. Nilipomwomba baba asilime kipande chetu cha mwisho cha nyasi, alicheka sana. Ila mpaka leo hajakilima.

Maoni yangu ni haya: tuanze sisi wenyewe kwenda kuwatazama ndege Jumamosi. Darubini si lazima, macho tunayo. Utamhurumiaje usiyemjua? Tusije tukawaonyesha wadogo zetu picha tu.