Bunia: Boulevard si kipimo cha amani ya Ituri

Kila ujumbe unaofika Bunia hupitishwa Boulevard de la Libération. Gari linakwenda polepole, vioo vimepandishwa, mgeni anaonyeshwa maduka, hoteli na pikipiki zinazopigiana honi. Jioni anaandika: mji umetulia. Kesho yake anapanda ndege.

Huko si kutembelea mji. Historia ya barabara hii haionekani dirishani.

Mwezi wa 5 mwaka 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka, wanamgambo wa UPC ya Thomas Lubanga na mahasimu wao walipigania Bunia mtaa kwa mtaa. Maelfu ya raia walikimbilia kambi ya MONUC na uwanja wa ndege. Askari wa Umoja wa Ulaya, wakiongozwa na Ufaransa, waliingia mwezi wa 6 na kukaa mpaka wa 9. Watoto waliobeba bunduki siku hizo ndio waliomfikisha Lubanga mbele ya mahakama ya ICC, na mwaka 2012 akahukumiwa kifungo cha miaka 14. Mgeni anayepita bila kuambiwa hayo ameona rangi ya kuta tu.

Lakini kosa kubwa ni kuipima Djugu kwa taa za boulevard. Februari 2022, wakimbizi wa ndani waliuawa usiku katika kambi ya Savo, zaidi ya 50. Juni 2023, katika kambi ya Lala, 46. Hao walikuwa wameshakimbia vijiji vyao. Walifanya kile wanachoambiwa raia wafanye vita inapokuja, na vita ikawafuata. Wakati huo huo Bunia maduka yalifunguliwa asubuhi kama kawaida.

Neno "utulivu" halikai kwenye karatasi tu. Likishaandikwa, wakubwa huanza kuuliza kwa nini watu bado wako Kigonze, kwa nini bado wanahitaji unga na maturubai, kwa nini hawarudi makwao. Anayejibu huwa si yule aliyelala chini ya turubai.

Mgeni ashuke basi garini. Atembee kwa miguu mpaka penye kivuli, palipo na mama aliyetoka Kigonze na mafungu yake ya sombe. Anunue fungu moja, kisha amuulize ametoka kijiji gani na nani analima shamba lake sasa.