NAFASI ZA UTAFITI NAZO ZITANGAZWE

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi 14. Tangu hapo jasho la mkulima na mfanyakazi ndilo linalokilea, pamoja na vyuo vikuu vingine vya umma vilivyofuata. Kwa hiyo kila kazi iliyomo vyuoni humo ni mali ya wananchi, na mali ya wananchi haigawanywi gizani.

Katika nafasi za kudumu hatua njema imepigwa. Ibara ya 22 ya Katiba yampa kila raia haki ya fursa sawa katika kazi zilizo chini ya mamlaka ya nchi. Tangu mwaka 2010 Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma imekuwa ikitangaza nafasi hizo waziwazi. Kijana atakaye kuanza ualimu wa chuo ajua kuwa shahada yake ya kwanza haina budi kufikia wastani wa alama 3.8 kati ya 5. Ajua pia kwamba karatasi ya matokeo haikubaliwi badala ya cheti, na kwamba shahada ya ng'ambo sharti ihakikiwe na Tume ya Vyuo Vikuu.

Lakini uko mlango mwingine usio na tangazo. Ni kazi ya msaidizi wa utafiti, inayolipwa kwa fedha za mradi na kwa mkataba wa miezi michache. Mara nyingi habari zake hupita mdomo kwa mdomo: profesa humwambia mwanafunzi wake, naye humwambia mwenzake wa chumbani. Aliyerudi kwao Tunduru au Kasulu hana wa kumnong'oneza, hata kama alama zake ni bora kuliko zao.

Wako watakaosema kuwa jambo hili ni dogo. Sivyo. Katika kazi hiyo kijana hujifunza kukusanya na kupima takwimu. Jina lake huingia katika makala. Hupata wa kumdhamini aombapo shahada ya pili, na kwa shahada hiyo huomba uhadhiri. Anayeukosa mlango mdogo huweza kuukosa na ule mkubwa, na Taifa nalo hupoteza mtafiti.

Hatuna ugomvi na maprofesa. Twajua kuwa mradi una tarehe zake, na kwamba ni afadhali kufanya kazi na mtu unayemfahamu. Hata hivyo kizuri chajiuza: kama mwanafunzi wao ndiye hodari, atashinda hadharani vilevile. Tangazo la siku 7 katika tovuti ya chuo, na watu watatu wa kuchagua, havitauchelewesha utafiti wowote.

Vijana nao wana wajibu. Wasome tangazo hadi mwisho, waandae vyeti vyao mapema, na wasimpe hata senti moja mtu aahidiye kuwatafutia kazi.

Twawasihi wakuu wa vyuo vikuu vya umma waweke kanuni hiyo bila kukawia. Mzazi wa Tunduru aliyeuza korosho ili mwanawe asome astahili kujua kuwa mwana huyo atapimwa kwa elimu yake.