Kuliinua Gari Si Kulivusha Tope



Mvua za kupandia pamba zikaribiapo, wengi wetu tunaofanya kazi mijini huanza kuwaza safari ya nyumbani. Mpwa wangu amenunua Land Cruiser kuukuu, ya ekseli nzima mbele na nyuma, ili apate kufika Lalago kwa babaye, katika Wilaya ya Maswa ambayo tangu mwaka 2012 imo ndani ya Mkoa wa Simiyu. Kabla hajalipa ada ya shule ya watoto, alinijia na karatasi ya bei kutoka gereji moja: springi nzito mpya, shokapu nne, na gari kuinuliwa inchi nne.

"Mjomba," akasema, "mbuga za kwetu unazijua."

Nazijua, nilizikanyaga siku tulipompeleka dada yangu kuolewa. Udongo ule mweusi hupasuka nyufa wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha huvimba, ukanata, ukajaza meno ya matairi mpaka gurudumu likawa laini kama kitunguu.

Nilimwuliza swali moja tu: gari linapokwama kule, ni kitu gani kinachokokota tope? Akajibu kwamba ni difu. Basi hapo ndipo penye jambo. Katika gari la aina hiyo difu imo ndani ya ekseli, na ekseli imebebwa na matairi. Springi zi juu ya ekseli. Ukiongeza springi utainua bodi na chasisi, lakini difu itabaki pale pale ilipokuwa. Kinachoinua difu ni tairi refu zaidi, na kinachosaidia kwenye tope ni meno ya tairi na upepo uliopimwa vema.

Yafaa pia tutofautishe kazi za vyombo hivi. Springi hubeba uzito. Shokapu huituliza springi isiendelee kurukaruka, kwa kuyalazimisha mafuta yapenye katika matundu madogo. Kazi hiyo huzaa joto. Katika barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati, mafuta huchemka na kutoa povu, na shokapu hulegea kabla ya kufika. Ndiyo maana zipo zilizotiwa gesi ya naitrojeni kuzuia povu, na kwa safari ndefu fedha yake si ya kupotea. Ukisimama njiani baada ya mwendo wa namna hiyo, zisogelee kwa mkono kwa uangalifu: ile iliyo baridi wakati wenzake ni moto, huenda imekwisha kufa.

Ama springi, chagua kwa mzigo ubebao siku nyingi, wala si kwa mzigo wa siku moja ya mwaka. Springi ya kubebea tani, ikiwekwa katika gari linalopakia watu wanne na kapu la viazi, haikunjiki. Tairi huruka juu ya kila shimo, na tairi lililo hewani halishiki breki wala usukani. Wengine huongeza jani lililotolewa katika lori. Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Hizo inchi nne ndizo zilizonitia hofu kuliko bei. Gari likiinuka, kitovu cha uzito wake hupanda pia, na huwa jepesi kupinduka katika kona. Mipira ya breki huvutika, propela shafti hukaa kwa pembe isiyoizoea, na taa huwapiga machoni wanaokuja. Na nyuma ya gari lile watakaa wanawe watatu.

Tulichukua kalamu. Tukafuta springi za mbele, tukafuta inchi nne. Tukabakiza shokapu nne, bushi mpya, jani moja la nyuma lililovunjika, na yubolti mpya, kwa maana yubolti iliyokwisha kufunguliwa hairudishwi. Nimemwambia azikaze tena baada ya kilometa mia chache za kwanza. Matairi mawili yenye meno atanunua mwezi ujao, mawili mengine mwezi utakaofuata.

Fundi hakufurahi sana. Ada ya shule imelipwa Ijumaa.